Siku Niliyoitisha Kura Kwenye Posa ya Festo

Ukiniona nazunguka nyuma ya soko la Makambako badala ya kupita mbele ya yadi za mbao kama watu wengine, usidhani nina ugomvi na mtu. Ni aibu tu, aibu niliyojitafutia kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti ya kuazima na nimepewa heshima ya kuwa mshenga. Nasimulia leo kwa sababu habari yenyewe imeshafika mpaka kibandani kwangu Lyamkena, na huko imeongezwa chumvi (eti shangazi wa binti alinifukuza na mwiko, hakuna mwiko uliohusika), kwa hiyo bora muisikie kwa mwenyewe.

Mimi ni fundi wa televisheni na madishi. Kazi yangu inanilazimu kukaa mbele ya kioo kutwa nzima, na kwa kuwa mteja akikukuta unaangalia mpira anaona humshughulikii, mimi naweka Bunge. Ukiweka Bunge unaonekana mtu mwenye akili zake. Basi ndivyo nilivyoanza ule mchezo wangu, hoja ikisomwa natangaza msimamo wangu kwa sauti pale kibandani, mimi hapa ningesema ndiyo, au hapa siyo kabisa, halafu nangoja nione mbunge wangu atakuwa upande gani, tulingane au tuachane. (Namwita mbunge wangu lakini si wa kwetu, ni wa mkoa wa mbali huko, nilimchukua kwa sababu ana sauti nzuri, na jina lake naliacha maana kwenye mkasa huu hana kosa lolote.) Shida ni kwamba mambo mengi kule yanaamuliwa kwa sauti za pamoja, wanaosema ndiyo waseme ndiyo, wanaosema siyo waseme siyo, ukumbi unavuma, Spika anasema waliosema ndiyo wameshinda, na wewe fundi wa Lyamkena hujui mtu wako kasema nini au kama alikuwa amesinzia. Ndiyo maana nilikuwa nauona mwezi wa Juni kama sikukuu, kwa sababu bajeti kuu wanaipigia kura kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, na kila mtu anasikika kwa sauti yake.

Na kila Juni mbunge wangu ananiangusha. Mtu amechangia siku nzima, amelalamika barabara, amelalamika mbolea, mpaka mimi nimempigia makofi peke yangu, halafu anaitwa jina anasema "Ndiyo" laini kabisa, na mimi natupa bisibisi. "Huyu hana mgongo!" nasema. "Anaangalia kwanza wenzake wamesemaje!" Watu wa kijiweni wanacheka, wananiita Mheshimiwa, na mimi nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko ninavyotaka kukiri.

Aliyekuwa ananisikiliza kuliko wote ni Festo. Festo anauza mbao, ni mdogo wangu si kwa damu ila kwa mazoea, baba yake alipofariki nilimsimamia, na tangu hapo jambo lolote lazima aje kwanza kibandani aniulize, hata kununua viatu ataniuliza. Sasa Festo akampata Oliva, binti wa Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, mwenye kitalu cha miche ya parachichi na shamba lake mwenyewe alilopewa na bibi yake. Walikutana Oliva alipokuja kutafuta mbao za kujengea kivuli cha kitalu, akapunguziwa bei mpaka na mimi nikajua hapa kuna jambo. Mwaka mzima kijana anapanda na kushuka Njombe. Barua ya posa ikaenda, ikapokelewa, tukapangiwa siku ya kwenda kupewa jibu, na mshenga nikawa mimi.

Siku moja kabla ya safari alikuja kibandani akakaa. "Kaka," akasema, "kule wakiniuliza habari ya shamba la Oliva nitasema ni la Oliva. Alilima kabla hajanijua. Hata jina sitaki libadilishwe." Nikamwambia hayo ndiyo maneno, na mimi msimamo wangu ni huo huo tangu zamani, mama yangu mzazi alinyang'anywa shamba na shemeji zake na mimi naliona kila nikienda kijijini. Tukapeana mikono. Naomba mkumbuke tulikuwa tumekubaliana, wote wawili, na hakuna aliyetulazimisha.

Tukaenda na kirikuu ya Festo, kale kagari kake ka kubebea mbao. Mbele alikaa Festo na baba yake mkubwa, mzee wetu wa msafara, na mimi mshenga nikakaa nyuma na kreti za soda, blanketi la mama mkwe na mabegi ya vitenge, Juni, kwenye ukungu ule wa Njombe ambao unaingia mpaka kwenye meno. Nilipofika, masikio sikuyasikia kwa baridi. Tukabisha, tukaamkiana kwa salamu ya huko, kamwene, kamwene, tukakaribishwa sebuleni kwenye jiko la mkaa, na hapo nikaanza kurudi kwenye ubinadamu.

Baba wa Oliva ni Mzee Mligo, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, mtu mnene wa maneno machache ambaye hata akikukaribisha chai unahisi umeshtakiwa. Pembeni yake alikaa dada yake, Shangazi Skola, ambaye maneno yote aliyobana kaka yake anayasema yeye. Oliva na mama yake walikuwa jikoni, mlango uko wazi, harufu ya kuku inatujia. Tukaambiwa tusubiri, maana baba mdogo wa binti alikuwa njiani anatoka Mlangali na bila yeye jibu haliwezi kutolewa.

Kusubiri ndiko kulikoniponza. Pale ukutani kulikuwa na televisheni inaonyesha chenga tupu, na Shangazi Skola akasema, "Si tumesikia mshenga ni fundi? Atutazamie basi hiyo, tangu upepo wa juzi haioni."

Festo akanigusa goti. "Kaka, acha. Leo wewe ni mshenga."

Ningeacha, jamani! Mshenga kazi yake ni kukaa, kunyoosha tai na kupima maneno. Lakini fundi akiona chenga ni kama mlevi amesikia kizibo kinatoka, nikavua koti, nikapanda kwenye kiti pale nje, nikasukuma dishi kidogo, ndani wakapiga kelele "Hapo hapo!" na nikarudi nikiwa shujaa. Picha safi. Na picha yenyewe ni Bunge, na si Bunge tu, ni kura ya bajeti, katibu anaita majina.

Basi nikasahau nimekuja kufanya nini. Nikaanza kuwaeleza mchezo wangu wote, kura ya sauti hivi, kura ya majina vile, msimamo wangu na wa mbunge wangu, mwaka juzi tulilingana wapi na tukaachana wapi. Mbunge wangu akaitwa, akasema "Ndiyo," nikapiga paja. "Mmeona? Mtu hana mgongo! Mimi mtu wa hivyo hata mbuzi simwachii." Baba yetu mkubwa akakohoa. Shangazi Skola alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na mimi mtu akinicheka vizuri siwezi kunyamaza, ndipo nikasema lile neno, kwa nini na sisi tusipige kura hapa hapa wakati tunamngoja baba mdogo?

Nia yangu ilikuwa njema, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijua msimamo wa Festo, nikasema ngoja nimpe nafasi ang'are mbele ya wakwe, na Oliva asikie kutoka jikoni. Nikasimama katikati ya sebule, nikabadilisha sauti. "Waheshimiwa, hoja iliyo mbele yenu: mwanamke aliyekuja na shamba lake akiolewa, shamba libaki kwa jina lake. Nitaita majina. Mheshimiwa Mligo!"

Mzee Mligo akaweka kikombe chini. Nilidhani atatabasamu. "Siyo," akasema. "Mtu akiolewa ameolewa na vyake. Nyumba moja, shamba moja. Siyo."

Chumba kikapoa hata jiko likiwa pale. "Mheshimiwa Skolastika!" nikaita haraka, na yeye akasema, "Ndiyo, tena ndiyo mara zote," akamkata kaka yake jicho. Baba yetu mkubwa, nilipomwita, akamwangalia mwenye nyumba akasema siyo kwa adabu, kama anavyopokea sahani. Nilitaka nimrukie Festo moja kwa moja lakini shangazi akaniwahi. "Na wewe katibu? Huna jina?"

Ndugu zangu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo miaka yote, nilikuwa nimelisema jana yake tu tumeshikana mikono. Nikamwangalia Mzee Mligo. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo akinitazama juu ya miwani, nikawaza mahari bado hatujaanza kuongea, nikawaza huyu ndiye wa kututajia mahari, nikawaza neno moja tu la kumfurahisha lina ubaya gani, si mchezo tu.

"Siyo," nikasema.

Sauti yenyewe ilitoka ndogo sana. Kisha nikaita, "Mheshimiwa Festo!" na Festo akainua macho kwangu, akasema, "Siyo."

Mzee Mligo akapiga goti kwa kiganja. "Mkwe huyo!" Wakati huo huo nikageuka na kumwona Oliva mlangoni, ameshika sinia la vikombe, sijui amesimama hapo tangu lini. Akaweka sinia mezani taratibu, akatumiminia chai wote, akaniuliza kama natumia sukari. Nikasema kidogo. Nikajiambia hakusikia.

Baba mdogo akafika, ameganda na baridi ya njiani, tukasalimiana upya, televisheni ikapunguzwa sauti, na shughuli ikaanza kwa heshima zote. Oliva akaitwa, akaja amejifunga kitenge kipya, akapiga magoti kwenye mkeka karibu na shangazi yake. Shangazi akamuuliza kama inavyoulizwa, "Oliva, wageni hawa walileta barua, baba yako ameisoma. Unawajua? Tuwapokee?"

Kwa desturi hapo binti anainamisha kichwa na kunyamaza. Huko kunyamaza ndiko kukubali, vigelegele vinapigwa kutoka jikoni, na wanaume wanaanza kukohoa tayari kwa mambo ya mahari. Oliva akainamisha kichwa kweli. Mama yake kule mlangoni akavuta pumzi ya kigelegele. Kisha binti akainua uso.

"Shangazi, muda ule mliitana kwa majina, kila mtu akasema lake. Mimi sikuitwa. Naomba na mimi niitwe kwa hili uliloniuliza."

Shangazi Skola akanigeukia. "Katibu, si kazi yako hiyo? Muite."

Mtu mwenye akili angeshituka. Mimi nilifurahi! Nilidhani binti ameupenda mchezo, nikasema sasa ndiyo posa imenoga, nikasimama, nikafunga kifungo cha suti, nikaita kwa ile sauti ya Dodoma, "Mheshimiwa Oliva Mligo!"

"Siyo," akasema Oliva.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anavyokataa sukari kwenye chai. Kigelegele cha mama yake kikakatika hapo hapo mlangoni.

Sasa hapa ndipo watu wanapoongeza chumvi, lakini hata bila chumvi inatosha. Badala ya kukaa nikacheka, nikasema binti anatutania, nikasema kanuni zinaruhusu kurudia, turudie kwa sauti, wanaosema ndiyo waseme ndiyo! Na nikajibu mwenyewe, "Ndiyooo!" nikiwa nimenyoosha mkono juu. Baba yetu mkubwa akajibu kwa huruma tu, neno likaishia kwenye ndevu. Festo hakujibu. Halafu kule kwenye televisheni, sauti ikiwa ndogo, Bunge zima likaanza kupiga meza na kushangilia, maana matokeo yao yalikuwa yametoka. Wakashangilia muda mrefu sana na hakuna aliyejua rimoti iko wapi.

"Kaa chini, mshenga," akasema Mzee Mligo. Nikakaa.

Oliva akamgeukia Festo, na alimwita kaka, jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya. "Kaka Festo, mwaka mzima umeniambia shamba langu ni langu, na sikukuuliza, ulisema mwenyewe. Leo baba amesema siyo, na wewe ukasema siyo. Siku mama yako akisema jambo, au mdogo wako, au jirani, mimi nitakuwa naishi na nani?" Festo akafungua mdomo, akamtazama mzee, akatazama mkeka, akafunga mdomo. Machozi yalikuwa yanamlenga na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nisiweze hata kumshika bega.

Nilimgeukia Mzee Mligo nikitumaini atamkemea binti. Aliitaka ndoa ile, ilionekana, alikuwa ameshamwita kijana mkwe. Akavua miwani akaipangusa kwa muda. "Mimi nilisema langu," akasema. "Na yeye amesema lake. Mmelisikia wote."

Mngetegemea tuondoke, lakini kuku ameshapikwa na mgeni haondoki na njaa, ndiyo desturi, kwa hiyo tulikaa tukala. Sijawahi kula kuku mtamu na mchungu kiasi kile. Shangazi Skola, ambaye muda wote huo alikuwa ananipakulia kwa upole kuliko nilivyostahili (mnaona habari za mwiko zilivyo uongo), akaleta blanketi limekunjwa vizuri, vitenge vimekunjwa, akatusindikiza mpaka kwenye gari na kuturudishia kila kitu kwa mikono miwili. Akanishika mkono, akasema, "Baba, kazi ya dishi asante." Nadhani hakukusudia kuniumiza.

Nikarudi nyuma ya kirikuu na kreti zetu. Tulipouacha mji, kwenye mashamba ya miti, gari likapunguza mwendo likasimama pembeni. Festo akashuka, akazunguka, akaja kusimama pale nyuma mikono kwenye bodi. Baba mkubwa alibaki mbele, hakugeuka.

"Kaka, kwa nini ulisema siyo?"

Nikamwambia nilikuwa nalinda mambo ya mahari, nilikuwa namtuliza mzee, ilikuwa mchezo. Nilisema maneno mengi sana na yote yalikuwa yanatoka na moshi wa baridi.

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe," Festo akasema. "Wewe ndiye mshenga. Nikasema kaka akisema ndiyo, na mimi nasema ndiyo, hata mzee akasirike. Uliposema siyo nikajua umeona kitu ambacho mimi sijakiona." Akaondoa mikono kwenye bodi. "Kumbe hukuona kitu."

Akarudi kwenye usukani, tukashuka Makambako, na tangu siku hiyo hajakanyaga kibandani kwangu. Tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, shikamoo kaka, na kupita, na hiyo shikamoo inanichoma kuliko angenitukana. Ndiyo maana nazunguka nyuma ya soko.

Miezi ilipita. Siku moja nikamkuta Oliva pale Makambako, karibu na stendi, ameleta miche kwa mteja, anaipanga chini kwenye kivuli. Ningeweza kujificha, lakini alishaniona, akanisalimia vizuri. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kurekebisha, nikamweleza yote, jinsi tulivyokubaliana jana yake, na kwamba Festo hakumfuata Mzee Mligo, alinifuata mimi, kosa ni langu, kijana moyo wake ni ule ule aliomwambia mwaka mzima.

"Najua, kaka," akasema. "Nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukimwangalia baba, na nilimwona yeye akikuangalia wewe." Akaupangusa udongo mche mmoja akauweka na wenzake. "Baba alisema siyo na bado ni baba yangu, tunabishana kila siku. Festo angesema siyo yake mwenyewe ningebishana naye mpaka uzee. Lakini ile haikuwa yake."

Nikamuuliza kama nimwambie Festo chochote. Akafikiri, akasema hapana, kama ana neno atakuja nalo mwenyewe, Njombe anaifahamu. Nikabaki nimesimama na maneno hayo, nikijua kabisa kwamba mtu wa kumfikishia Festo ni mimi, na kwamba nikimfikishia mimi yatakuwa tena ni maneno yangu.

Basi nimeapa. Ushenga sifanyi tena, hata mwanangu aje anaoa nitatafuta mtu, na sitasimama tena sebuleni kwa watu kuwaita majina. Bunge bado naliweka kibandani, wateja wanapenda, na majuzi, Juni iliporudi, walipoitwa majina mbunge wangu akasema ndiyo yake kama kawaida. Vijana wakanigeukia, wakaniuliza, Mheshimiwa, unasemaje, huyu ana mgongo? Nikawaambia anayejua ni yeye. Festo alikuwa anapita nje na mzigo wa mbao, akapunguza mwendo kidogo kusikia nitakachosema, kisha akaendelea na safari yake, na mimi sikutoka kumwita.